Uko, na Sie Tuko

Harufu ya vumbi lililonyunyiziwa maji haina jina katika lugha yoyote ninayoisema. Si harufu ya mvua, maana mvua huja na upepo na majani. Hii ni ya chini, ya karibu, kama pumzi ya mtu aliyeamka sasa hivi. Asubuhi moja, majuma machache baada ya kumzika Mukaka, nilikuwa ninanyunyiza maji uani kwangu hapa Butembo, harufu hiyo ikanipanda puani, ikabidi niweke ndoo chini. Ninyi mliokuwa watoto miaka ile ya vita mtanielewa. Kuna vitu ambavyo mwili ulivitunza bila kutuomba ruhusa. Wengi wetu ulitutunzia milio ya bunduki. Mimi, pamoja na milio, ulinitunzia ua uliofagiwa.

Mukaka ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kinande. Wangu alikuwa mama mzazi wa baba yangu, mjane, mfupi, mwenye kitambaa cha kichwa alichokifunga kabla hata hajavaa viatu. Aliishi Musienene, kule juu ambako ukungu hulala mashambani kama ng'ombe na hauondoki mpaka jua liufukuze. Alilima maharage na viazi, na Jumapili alipanga mabenchi kanisani kabla mchungaji hajafika. Kabla ya vita nilimjua kwa likizo tu. Sisi tulikuwa watoto wa mji wa Beni, wa mtaa wa Beu, watoto wa joto na redio. Papa alikuwa mchuuzi wa samaki. Alishuka Kyavinyonge ziwani, akapakia tilapia za chumvi juu ya lori, akarudi nazo sokoni. Alikuwa mtu wa kelele, mwenye kubishana na kila mtu, na zaidi ya yote alibishana na chakula: mboga imeiva mno, bugali umekuwa laini, chai imepoa. Mama alimjibu kwa kumwongezea.

Papa alikuwa ziwani siku ambayo barabara ilifungwa. Milio ilianza mchana, upande wa uwanja wa ndege. Mama alimfunga mdogo wangu Kavira mgongoni, akanitwisha godoro jembamba, tukaungana na watu waliokuwa wanakwenda kusini. Sehemu moja tulipanda lori, sehemu kubwa tulitembea. Butembo ilikuwa imejaa wageni kama sisi, tukaipita. Tulipofika kwa Mukaka, Mama alikaa chini mlangoni, akasema jambo moja tu: "Mama, Paluku amebakia kule." Paluku ndiye Papa.

Mukaka hakupiga yowe. Alitupikia viazi, akatuosha miguu, akatulaza. Alfajiri alituamsha.

"Masika, amuka. Kamata maji."

Nilidhani tunakimbia tena. Kumbe tulikuwa tunafagia. Alinionyesha namna ya kuchota maji kwa kiganja na kuyatawanya ili vumbi lisipande, naye akanifuata nyuma kwa ufagio wa vijiti, ameinama, mkono mmoja umelala mgongoni. Alifagia kuanzia mlangoni kuelekea kwenye ua wa miti ya miyenzi uliozunguka uwanja, na mistari ya ufagio ikabaki ardhini kama nywele zilizochanwa. Kisha akatusimamisha sote mlangoni, hata Kavira aliyekuwa bado ananyonya kidole, akaangalia ule uwanja safi na ukungu uliokuwa nyuma yake, akasema:

"Mungu, tumeamuka. Uko. Na sie tuko. Utushike mukono leo."

Basi. Akampa kila mmoja wetu mkono, mtu kwa mtu, kama vile tulikuwa tumetoka safari, akaingia jikoni kuchochea moto. Asubuhi iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Na iliyofuata. Maji, ufagio, mlango, maneno yale yale, mkono.

Mama hakupenda. Siku moja uchovu ulimshinda, akatupa ufagio chini.

"Mama, vita iko ku barabara, bwana yangu sijue kama anapumua, na sie tuko tunafagia?"

Mukaka aliuokota. "Vita ilisema tuache kufagia?"

"Lakini inasaidia nini?"

"Sijue inasaidia nini. Najua tu ukiacha leo, kesho utaacha kunawa, kesho kutwa utaacha kupikia batoto. Mimi nilizika bwana na batoto wawili. Mimi najua namna mutu anaachaga."

Mama aliuchukua ufagio. Alifagia huku analia, na Mukaka alimwacha alie, lakini kona aliyoiruka alimwonyesha kwa kidole.

Mimi nilichukia jambo jingine. Lile neno "Uko." Mukaka alilisema kwa sauti iliyopanda kidogo mwishoni, kama milima ya kwao, na mimi mtoto wa Beni nilisikia swali. *Mungu, tumeamuka. Uko?* Nilidhani Mukaka anabisha hodi. Alibisha kila alfajiri, akasubiri kidogo, hakuna aliyejibu, akaenda zake jikoni. Kesho yake akarudi kuuliza tena. Nilimwonea huruma. Nilijua mtu anayeuliza swali moja kila siku ni mtu ambaye hajajibiwa. Na kama Mungu hakuwepo Musienene, mahali penye kanisa na baridi na watu wapole, basi kule alikokuwa Papa angekuwepo vipi? Niliogopa kumwuliza Mukaka, nisije nikamwaibisha. Nilitafuta njia ya kuzunguka.

"Mukaka, hatuwezi kusema sala ingine? Hii tunaisemaga kila siku."

Alinitazama kama vile nimeomba chakula kingine kabla ya kumaliza sahani. "Ile ya jana uliimaliza?"

Sikuelewa. Lakini swali lake liliniingia kama mwiba mdogo, na kwa kuwa nilikuwa mtoto mkaidi, niliamua kuimaliza. Nilianza kuisikiliza kama mtu anayetafuta mwisho wa uzi. Asubuhi moja nilibakia kwenye "tumeamuka" peke yake, nikawaza wale ambao hawakuamka. Asubuhi nyingine nilibakia kwenye "mukono," nikaona kuwa kiganja cha Mukaka kilikuwa na moto wa kushika ufagio upande mmoja na baridi ya maji upande wa pili. Ufagio nao ukawa hivyo. Ule uwanja niliodhani ni mmoja haukuwa mmoja. Kuna asubuhi kuku walikuwa wameuandika wote kwa vidole vyao. Kuna asubuhi umande ulifanya vumbi lishikane, ufagio ukaimba kwa sauti nzito. Kulikuwa na chura aliyelala chini ya jiwe la mlango, na nilijifunza kufagia kumzunguka. Siku moja nilijikuta nimeamka kabla ya kuitwa, nimesimama gizani na kopo la maji, nangoja. Nilikuwa na furaha, na nilishangaa, maana hakuna kitu kilichokuwa kimebadilika. Papa hakuwa amerudi.

Alirudi siku ya soko. Wachuuzi wawili wa samaki walimleta, wanatembea kila mmoja upande wake, hawamshiki lakini mikono yao iko tayari. Nilimwona kutoka mbali, nikakimbia, halafu miguu yangu ikapunguza mwendo yenyewe. Alikuwa na uso wa Papa na shati ambalo si la Papa. Mabegani ngozi ilikuwa imetoka. Hakuniita. Hakunitazama.

"Askari walimukamata pale chini," mchuuzi mmoja alimwambia Mama kwa sauti ndogo. "Walimubebesha mizigo ndani ya pori. Yeye na bengine. Bengine hawakurudi. Tulimukuta amekaa kando ya barabara. Hasemi."

Na kweli hakusema. Alikaa ukutani, akala alichowekewa, akalala alipolazwa. Mama alimsemesha, akamwimbia, akamwekea Kavira mapajani. Kavira akateleza chini kwa sababu mikono haikumshika. Jirani alileta dawa za majani. Mchungaji aliomba kwa muda mrefu. Siku moja vijana waliokuwa wanapakia viazi njiani walianza kutaniana kwa Lingala ya askari. Mmoja akapiga kelele, "Tombola!" yaani inua. Papa, pale ukutani, aliinama haraka, akatoa mgongo, akangoja kubebeshwa. Alibaki ameinama. Mama alimfunika kikwembe chake kichwani ili watu wasimwone, akakaa naye humo ndani.

Mukaka alikuwa ameanza naye tangu asubuhi ya kwanza kabisa baada ya kuletwa. Baada ya kutuamsha sisi, alikwenda kusimama mbele ya mwanawe.

"Paluku, umeamuka. Uko."

Akamwekea ufagio mkononi.

Mama aliruka. "Mama, hapana. Umuache alale. Mutu ametoka kufa."

"Basi kama ametoka, asimame inje tumuone."

"Na ni kazi ya banaume, kufagia?"

"Nikimuacha, atabakia kule," alisema Mukaka, na hakumtazama Mama, alimtazama Papa. "Mimi simupe kazi. Namupa asubuhi."

Papa alisimama uani na ufagio kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu. Ukungu ukaondoka, jua likampiga, bado amesimama. Mukaka aliuchukua, akafagia mwenyewe. "Kesho tena," akasema. Kesho yake ikawa vile vile. Majirani walipita, wakatazama, wakasema yao kisimani. Nilidhani Mukaka anamwadhibu Papa kwa kuchelewa kurudi. Nilitaka kumfichia ufagio.

Lakini nilikuwa pale kila alfajiri na kopo langu, na nilisikia. Alimwambia Papa lile neno kwa sauti ile ile iliyopanda mwishoni, ile aliyomwambia Mungu. Na Papa alikuwa pale. Alikuwa mbele yake, anapumua, Mukaka amemgusa kifua. Mtu hamwulizi mwenye kifua chini ya kiganja chake kama yupo. Nilisimama na maji yananidondoka miguuni. Halikuwa swali. Tangu mwanzo halikuwa swali. Mukaka hakuwa anabisha hodi. Alikuwa anamwambia Papa kwamba yupo, kila siku, kwa sababu Papa mwenyewe alikuwa amesahau. Na Mungu je? Sikujua kama Mungu husahau. Nilijua tu kwamba Mukaka alikuwa amesema hivyo alipozika mume, na alipozika watoto, na siku barabara ilipofungwa, na kwamba yeye ndiye aliyehitaji kulisikia.

Siku ileile nilimwuliza, sasa bila aibu. "Mukaka, nilifikiri unamuuliza Mungu kama iko."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumuuliza? Mimi? Mutoto, mimi namusalimia."

Halafu akapata homa. Ilikuwa homa ya kawaida, ile ya kutetemeka, lakini alfajiri alijaribu kuinuka, akarudi chini. Mama alikuwa anamkanda kwa maji. Hakuna aliyeniambia la kufanya. Nilinyunyiza maji. Nilichukua ufagio, nikaenda kwa Papa, ingawa mtoto haongei na baba yake kwa namna ile.

"Papa," nikasema. "Umeamuka. Uko."

Nikamwekea ufagio mkononi, nikaufunga mkono wake kwa mikono yangu miwili. Sikuwa na ujasiri wa Mukaka wala umri wake, nilikuwa na ukaidi tu. Nilisema tena. Nilivuta mkono wake kuelekea chini, ufagio ukagusa ardhi, nikausukuma, tukachora mstari mmoja uliopinda. Tukachora mwingine. Nilitoka jasho kwenye baridi ile. Katika mstari mmoja, sijui ni wa ngapi, nikasikia kuwa sisukumi tena. Uzito ulikuwa umetoka mikononi mwangu. Nilitembea tu kandokando yake, nimeshika mti wa ufagio kama mtu anayeshika pindo la nguo, mpaka tukafika kwenye miyenzi. Nilipogeuka, Mama alikuwa mlangoni, kitambaa kibichi mkononi, maji yanamwagikia miguu yake, hajui.

Kuanzia hapo Papa alifagia. Hakusema, lakini alifagia, na alimruka chura wangu.

Nilidhani tumeshinda. Watoto hudhani hivyo. Vita vilipanda mpaka kwetu alasiri moja wakati Mukaka alikuwa amepata nguvu za kurudi shambani. Milio ilitokea upande wa barabara, ikakaribia. Tulikimbia na tulichokuwa nacho, tukavuka bonde, tukapanda upande wa pili hadi kwenye kibanda cha shamba chini ya mikaratusi, ambacho Mukaka alikitumia kulinda maharage. Papa alimbeba Kavira. Alikimbia ameinama, kama tulivyomwona siku ile ya vijana, na nilimwogopa kuliko milio.

Kulipokucha kulikuwa na moshi upande wa kijiji. Hatukujua ni nyumba ya nani. Tulikaa tumebanana, majani ya mikaratusi yametuangukia, hakuna ua, hakuna mlango, hakuna maji ya kunyunyiza. Nilimtazama Mukaka nikingoja. Alikuwa ameketi chini na kitambaa chake cha kichwa kimefunguka, sikuwahi kukiona kimefunguka, na mvi zake zilikuwa chache sana. Midomo yake haikusogea. Nilingoja tena. Nilimwambia kwa sauti ndogo, "Mukaka, kumekucha."

"Naona," akasema. Hakuinuka.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli kweli, katika vita vyote vile. Nilifungua mdomo niyaseme mimi, nikaufunga.

Nyuma yetu kitu kilivunjika. Papa alikuwa amesimama, amevunja tawi la mkaratusi, anapukutisha majani makavu. Alianza karibu na miguu ya Mukaka. Alifagia majani, akafagia magome, akafagia vinyesi vya mbuzi, ameinama, lakini mkono mmoja umelala mgongoni kama wa mama yake, na nikaona kwamba kuna zaidi ya namna moja ya kuinama. Alisafisha mahali pa ukubwa wa mkeka. Kisha akaja kusimama nasi, akatazama lile duara la udongo na moshi uliokuwa nyuma yake. Sauti ilipotoka ilikuwa na kutu, kama ya kijana anayebalehe.

"Mungu," akasema. Akameza. "Tumeamuka. Uko."

Tulingoja. Hata Kavira alingoja.

"Na sie tuko."

Mukaka alijifunga kitambaa kichwani, akainuka kwa kushika bega langu, akammalizia: "Utushike mukono leo." Papa alitoa mkono. Alianza kwa mama yake, kisha Mama, kisha mimi. Kiganja chake kilikuwa na harufu ya mkaratusi na kilikuwa na moto. Mama alipopewa mkono hakuuachia, ikabidi Papa anipe mimi ule wa pili.

Nyumba ya Mukaka haikuungua. Jiko liliungua, na mbuzi wawili hatukuwaona tena. Tulirudi, tukajenga jiko, na Papa akaanza kusema kidogo kidogo: jina la kitu, jina la mtu, siku moja sentensi nzima kuhusu mvua. Kuhusu pori hakusema, na hatukumwuliza. Miaka mingi baadaye alinisimulia sehemu, mimi peke yangu, na sehemu hiyo nitabaki nayo.

Barabara ilipofunguka, wale wachuuzi wawili walipita kutuaga, wanarudi ziwani. Papa alikuwa uani. Aliegemeza ufagio ukutani.

"Nitaenda nabo," akamwambia Mama.

Mama aliutazama ule ufagio. "Utarudi lini?"

"Siku ya posho."

Siku ya posho ni Jumamosi. Majuma yale hayakuwa ya kumwamini mtu anayetaja siku. Mama alimfungia viazi vya kuchemsha, akamsindikiza mpaka njiani, akarudi, akachukua kopo la maji kutoka mkononi mwangu ingawa ilikuwa mchana na hakukuwa na cha kufagia. Tulifagia hata hivyo. Kila alfajiri ya juma lile tulisimama mlangoni, na Mama ndiye aliyesema maneno, kwa nguvu, kama mtu anayepigilia msumari.

Jumamosi ilikuja, jua likapanda, likaanza kushuka. Mama alipika maharage, hakuweza kukaa. Kisha tukasikia mtu anagombana njiani na dereva kuhusu namna kifurushi chake kilivyokandamizwa na magunia, anagombana kwa sauti kubwa, kwa furaha, hataki kushindwa. Mama aliweka mwiko chini.

Aliingia na samaki begani, juu ya makovu. Alinawa, akaketi, akawekewa sahani. Sote tulimtazama. Alitia tonge mdomoni, akatafuna, akaacha kutafuna.

"Nani alipika hii maharage?" akasema. "Haina chumvi hata kidogo."

Mama alianza kucheka. Alicheka mpaka akaketi chini jikoni, akashika tumbo, machozi yanamshuka, na Mukaka akacheka, na mimi na Kavira tukacheka bila kujua kwa nini. Papa alituangalia mmoja mmoja, amekasirika kidogo. Halafu akasukuma sahani yake mbele, aongezewe.